Mto wa Mezani: Shajara ya Mradi wa Gobi Mpanda Maporomoko, Uru, Moshi

Februari 8

Mradi umeanza rasmi. Klabu ya mazingira ya sekondari ya kata hapa Uru imepewa chumba cha nyuma ya maabara, na mwalimu wa biolojia amekubali kuwa mlezi. Tunachotengeneza ni mto wa mezani: mfereji wa mbao na saruji wenye maporomoko upande mmoja na bahari upande wa pili, maji yakitiririka kweli. Mto huo utasimulia maisha ya samaki ambaye milima yetu haina: gobi wa vijito vya visiwa vya tropiki.

Wapo wa aina nyingi. Wa jenasi ya Stiphodon ni wadogo kabisa, sentimita tatu hadi tano hivi. Wa Sicyopterus hukua zaidi, wengine hupita sentimita kumi. Lentipes wako Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki. Mpangilio wa maisha yao ni mmoja. Mayai hutagwa chini ya jiwe mtoni na dume huyalinda. Vichanga vikianguliwa huchukuliwa na mkondo hadi baharini, vikaishi huko miezi kadhaa. Kisha hurudi kwenye maji baridi na kuupanda mto, wengine hadi juu ya maporomoko, na huko juu ndiko wanakoishi na kuzaana.

Nimemchagua yeye kwa sababu moja. Niliwauliza kidato cha pili maji ya Materuni, maporomoko ya huku kwetu, yanaishia wapi. Wengi walisema mashambani, wengine Moshi mjini, na mmoja akafika bwawa la Nyumba ya Mungu. Hakuna aliyetaja Pangani, mto unakoingia baharini. Mtoto aliyekulia mlimani anauona mto kama kitu kinachotoka juu tu, kinagawiwa njiani, basi. Gobi anauona kutoka chini. Akikosa mlango wa mto hafiki mlimani, na akikosa maji mlimani watoto wake hawafiki baharini. Nataka wanafunzi waushike mto kwa ncha zote mbili.

Februari 15

Kikao cha kwanza cha klabu. Swali lililotawala ni kwa nini tusilete gobi wenyewe. Wafugaji wa samaki wa mapambo duniani wanawapenda sana Stiphodon, na mwanafunzi mmoja alikuwa ameshaona video ya dume wa buluu akicheza juu ya jiwe ndani ya kioo. Ni swali la haki, nikalijibu kwa urefu.

Samaki hawa karibu wote wanaouzwa hukamatwa mtoni. Kuwazalisha nyumbani ni kazi ngumu mno: mayai ni madogo sana, kichanga cha Stiphodon kikianguliwa hakifiki hata milimita mbili, na kisipoyapata maji ya chumvi ndani ya siku chache, akiba ya kiini ikiisha, kinakufa. Kwa hiyo kila dume wa buluu kwenye kioo ni dume aliyetolewa kwenye kijito chake. Halafu wengi hufa njaa polepole. Wanakula utando wa mwani unaoota juu ya mawe, na kioo kisafi chenye mawe masafi ni jangwa kwao. Kuingiza samaki wa kigeni nchini nako kunahitaji kibali, na mimi siombi kibali cha kuleta kiumbe nisichoweza kukilisha.

Wakakubali, ingawa sura zilionesha wamevunjika moyo kidogo. Tumeamua hivi: kila kitu kwenye mto wetu kitakuwa cha kweli isipokuwa samaki. Maji ya kweli, mawe ya kweli, mwani wa kweli, chumvi ya kweli.

Machi 2

Fundi seremala wa Majengo amemaliza fremu. Mbao ni mvule wa zamani aliokuwa nao kwenye banda, haulaumiki kwenye maji. Sakafu ya mfereji ni plaiwudi iliyopigwa saruji. Maporomoko ni ubao uliosimama wima, nusu umepigwa niru laini, nusu tumebandika vipande vya jiwe la zaha, yaani lava ya volkano iliyoganda. Chini kuna beseni la kioo litakalokuwa bahari. Gharama kubwa ilikuwa kioo na gundi ya silikoni.

Machi 9

Maji. Tulikuwa tumefikiria pampu, lakini umeme hukatika mchana, na mto unaosimama katikati ya somo ni somo baya. Nyuma ya uzio wa shule unapita mfongo, mfereji wa jadi wa kugawia maji mashambani. Tukaenda na mwalimu kwa mwenyekiti wa mfongo, mzee anayeheshimika sana huku juu, tukamkuta kihambani anapunguzia migomba majani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibuni. Nyie ndio wa samaki?”

Habari zilikuwa zimemfika. Tulimweleza tunahitaji bomba moja jembamba, na kwamba maji yakishapita kwenye mto wetu yatarudi kwenye mfongo, isipokuwa yale ya beseni la chumvi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza zamu yetu itakuwa saa ngapi ili isigongane na ya watu wa chini. Hilo ndilo la kwanza lililomjia: watu wa chini. Kisha akauliza swali ambalo klabu nzima haikuwa imeuliza.

“Huyo samaki wenu akishapanda, huku juu anakula nini? Maji ya mlimani ni meupe, hayana kitu.”

Nilimwahidi jibu litakuwa jiwe, nitamletea.

Bomba limeunganishwa jioni hiyo hiyo. Tumeweka koki mbili, moja juu kabla ya maporomoko na moja chini kabla ya beseni. Koki ya chini ndiyo nitakayoitumia kufundishia: ikifungwa ni bwawa.

Machi 23

Jiwe la mzee limeshaanza kuota.

Tulichukua mawe ya mviringo kutoka kijitoni, tukayasugua kwa brashi na kuyaanika juani hadi yakawa meupe, kisha tukayapanga kwenye mfereji. Nusu yako karibu na dirisha, jua linapiga asubuhi. Nusu tumeyafunika na ubao. Maji yanapita juu ya yote kwa kasi ileile.

Mawe ya kivulini bado ni makavu mkononi, yaani ukiyapitisha kidole yanakwaruza. Ya dirishani yanateleza. Rangi yake si ya kijani kama wengi walivyotarajia, ni kahawia yenye dhahabu kwa mbali. Ukikwangua kwa ukucha unapata ute mwembamba, na mahali ulipokwangua panabaki mstari mweupe. Tuliupaka ute huo kwenye kigae cha hadubini ya shule. Kilichoonekana kiliwafanya wanafunzi wagombee foleni: maelfu ya vipande vya umbo la mtumbwi, vyenye maganda ya kioo yaliyochorwa mistari midogo iliyonyooka, vingine vikisogea polepole vyenyewe. Hao ni diatomu, mwani wa chembe moja wenye ganda la silika. Katikati yao kulikuwa na nyuzi za kijani, na vidudu viwili vitatu vikihangaika.

Hiki ndicho chakula cha Stiphodon na Sicyopterus. Meno ya mdomo wa juu ni mengi, membamba, yamepangwa kwa safu, na ncha zake zimegawanyika mara tatu. Samaki anabana mdomo kwenye jiwe, anakwangua, anasogea, anakwangua tena. Anaacha alama ndogo nyeupe kama ile ya ukucha wetu. Maji ya mlimani ni meupe kweli, mzee hakukosea. Chakula kiko juu ya mawe, kinatengenezwa na jua na maji yanayokwenda kasi.

Nilimpelekea mzee jiwe moja kwenye bakuli la maji. Alilishika, akalisugua kwa kidole gumba muda mrefu. “Kumbe utelezi una wenyewe,” akasema.

Aprili 13

Masika. Mfongo umekuja mwekundu siku tatu mfululizo na mfereji wetu umejaa tope laini. Nilitaka tufunge koki ya juu tusubiri, mwalimu akasema tuache. Alikuwa sahihi. Mvua ilipotulia tulitoa mawe ya dirishani tukayaangalia tena: tope limekaa juu ya utando wa mwani kama blanketi, na chini yake ute umeanza kufa na kunuka. Kwa gobi hiyo ni njaa, hata kama maji ni mengi.

Tulizungumza hapo hapo juu ya Komoro, kwa sababu ndiko aliko gobi mpanda maporomoko wa karibu zaidi nasi. Sicyopterus lagocephalus yupo Komoro, Reunion na Morisi, na anaendelea hadi Polinesia ya Ufaransa, eneo pana kuliko la ndugu yake yeyote. Pia kuna Cotylopus rubripinnis wa vijito vya Mayotte, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2005 tu. Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, hakina mto wa kudumu: zaha ya mlima Karthala ni changa na ina matundu, mvua inazama. Mito iko Nzwani na Mwali. Wanafunzi wa hapa waliielewa habari hii haraka kuliko nilivyodhani. Huku kwetu pia maji huzama kwenye zaha juu na kutokea chini kabisa kwenye chemchemi, na kila mmoja ameshakwenda Chemka kuoga.

Nzwani vijito vingi vilivyokuwa vya kudumu vimekauka baada ya misitu ya juu kukatwa. Ardhi isiyo na miti inatoa tope wakati wa mvua na haitoi kitu wakati wa kiangazi. Mawe yetu yenye tope tuliyaacha mezani wiki nzima, yaonekane.

Mei 4

Leo ni siku ya kikombe, na nitaiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Gobi ana mapezi mawili ya tumboni yaliyoungana na kuwa kikombe cha nyama. Ndicho anachonatia kwenye jiwe ili mkondo usimbebe. Fundi bomba wa mjini alitupa vikombe vya mpira, vile vya kutundikia taulo kwenye vigae vya bafu, tukaanza kuvijaribu kwenye maporomoko yetu.

Kwenye niru kavu, kikombe kinashika kidogo kisha kinaachia. Kwenye niru iliyolowa kinashika vizuri kabisa, hata ukikining'inizia kopo la mchanga. Kwenye zaha kavu hakishiki hata kwa sekunde. Kwenye zaha iliyolowa kinashika kwa muda mfupi, unasikia hewa inavyovuja kupitia matundu, kinadondoka. Tulipopaka ukingo wa kikombe ute wa bamia, kikashika zaha iliyolowa kwa muda mrefu zaidi. Wazo la bamia ni la msichana mmoja wa kidato cha pili, na limetufungulia mlango: ngozi ya samaki ina ute wake, na kikombe chake si mpira mgumu bali ni nyama laini inayojaza mabonde ya jiwe. Kupanda kwake kunategemea jiwe lililolowa. Maporomoko yakikauka, hata kwa upana wa kiganja, njia imekatika.

Kisha namna za kupanda. Gobi wa Hawaii wanaonesha mbili tofauti. Sicyopterus stimpsoni ana vikombe viwili, cha tumboni na cha mdomoni. Ananata kwa mdomo, anavuta tumbo, ananata kwa tumbo, ananyoosha mdomo mbele. Ni safari ya milimita kwa milimita, bila haraka. Fundi seremala ametengeneza samaki wa mbao wa namna hiyo: vipande viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine, kila kimoja na kikombe chake. Ukijifunza mdundo unaweza kumpandisha ubao wote kwa mikono miwili. Watoto wanabishana ni nani mwenye mdundo mzuri.

Jambo linalonishangaza kila nikilisoma ni kwamba kifaranga cha Sicyopterus stimpsoni hakiji kutoka baharini na mdomo huo. Kinapoingia mtoni mdomo wake unatazama mbele, unafaa kudaka chakula kinachoelea. Kabla ya kupanda, pua hurefuka na mdomo hushuka chini ya kichwa, na mabadiliko hayo hukamilika ndani ya siku mbili hivi. Mdomo uleule utakaompandisha ndio utakaokwangua mwani maisha yake yote.

Lentipes concolor anapanda kwa nguvu za ghafla. Ananata, anapumzika, anapiga mapezi ya kifuani na kuutikisa mwili wote, anasogea, ananata tena. Huyu ndiye anayepatikana juu ya maporomoko ya Akaka katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, ambayo yana urefu wa takriban mita 135. Waongoza watalii wa hapa husema Materuni ni kama mita 80. Niliwaambia wanafunzi wakienda Materuni Jumamosi watazame juu, waongeze zaidi ya nusu yake tena, kisha wafikirie samaki anayepanda yote hayo akiwa bado mdogo kuliko kidole.

Mvulana mmoja akauliza faida ya taabu yote hiyo ni nini. Chini ya maporomoko ya Hawaii anaishi Eleotris sandwicensis, samaki mwenye kinywa kikubwa asiyeweza kupanda, na vifaranga vya gobi ni chakula chake. Hawaii ina samaki watano tu wa asili wa mitoni, na ni kana kwamba maporomoko yamewagawia ghorofa: wasiopanda chini, wapandaji wa kawaida katikati, Lentipes juu. Anayefika juu anapata mawe yenye mwani na usalama.

Mei 18

Bahari. Tumetia chumvi kwenye beseni la kioo, gramu 35 kwa kila lita, ndicho kiwango cha kawaida cha maji ya bahari. Kisha tukatia rangi nyekundu ya chakula kwenye maji ya mtoni na kufungua koki ya chini taratibu.

Maji mekundu hayakuchanganyika. Yalitandaa juu ya maji ya chumvi, tabaka jembamba lenye ukingo ulionyooka kabisa, na ukilitazama kioo kwa ubavu unaona juu nyekundu, chini peupe, katikati mawimbi madogo yanayotembea polepole. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi. Kichanga kinachofika hapa kinakutana na dunia mbili zilizolaliana.

Baada ya hapo hukaa baharini muda ambao uliwafanya wanafunzi wasiamini. Sicyopterus lagocephalus hukaa miezi minne hadi minane na ushee. Wanasayansi wanajua kwa kusoma vijiwe vidogo vilivyo ndani ya sikio la samaki: kila siku huongezeka pete moja, na siku ya kuingia mtoni huacha alama yake. Unahesabu pete kabla ya alama, unapata siku za baharini. Muda huo mrefu ndio unaoeleza kwa nini samaki mmoja ameenea kutoka Komoro hadi katikati ya Pasifiki. Mikondo inambeba, na si lazima arudi kwenye kijito alikozaliwa mama yake. Anaingia mto wowote unaomfaa.

Ndiyo maana visiwa vya volkano vinawafaa, na wao wanavifaa visiwa hivyo. Kisiwa kama Reunion kina kilele cha mita 3,070, Piton des Neiges, na mito mifupi inayoshuka kwa kishindo. Kimbunga kinaweza kufagia kijito kizima. Lakini baharini daima kuna kizazi kingine kinachosubiri, na kijito kinajazwa upya.

Watu wa visiwani wanaujua msimu huo vizuri. Reunion huvitega vifaranga kwenye milango ya mito na kuviita bichiques, kitoweo cha thamani sana. Dominica, katika Karibi, wana titiri. Kaskazini mwa Ufilipino wana ipon. Mwalimu alitaka tuseme wazi kwamba uvuvi huo si uovu, ni chakula cha watu na desturi ya zamani, ila mlango wa mto ukizibwa na mitego kutoka kingo hadi kingo hapana anayepita. Nimeliandika hivyo kwenye bango.

Juni 1

Jaribio la mbegu za mchicha. Tulihitaji kitu chenye ukubwa wa kichanga cha gobi, na mbegu ya mchicha ina milimita moja hivi. Tulizilowesha usiku kucha ili zisielee kama vumbi, tukazimwaga juu, kwenye jiwe la kwanza, koki zote zikiwa wazi. Nyingi zilifika baharini kabla wimbo wa taifa haujaisha, maana hiyo ndiyo saa tuliyochagua.

Kisha tukapunguza koki ya juu hadi maji yakawa uzi. Mbegu zilianza safari, zikaingia nyuma ya mawe, zikazunguka kwenye vidimbwi, zikatulia. Wimbo ukaisha. Chache sana zilikuwa zimefika. Nikawaambia kila mbegu iliyobaki ni kichanga kilichomaliza akiba yake kabla ya kuonja chumvi. Walinyamaza, halafu msichana wa bamia akasema, “Lakini mto bado una maji.” Ndiyo. Mto ulikuwa na maji, na samaki walikwisha.

Hapo nikasimulia Maui, kimoja cha visiwa vya Hawaii. Tangu karne ya 19 mashamba ya miwa yalichepusha maji ya vijito vya mashariki mwa kisiwa hicho. Shamba kubwa la mwisho lilivuna mara ya mwisho mwaka 2016. Juni 2018 tume ya maji ya jimbo la Hawaii iliamuru vijito kadhaa virudishiwe maji yake yote, baada ya wakulima wa magimbi na wenyeji kudai kwa miaka mingi. Mwenyekiti wa mfongo alikuwa amekaa nyuma siku hiyo, tulimwalika. Alisimama akawaambia wanafunzi kwamba mfongo uliochimbwa vizuri una mkia, na mkia lazima urudi mtoni. Akawaonya kuwa siku hizi mikia mingi inafia kwenye bomba la mtu mmoja. Sikuwa na la kuongeza.

Juni 15

Rangi. Tumechora samaki kwenye ukuta wa nyuma kwa ukubwa mara ishirini. Dume wa Stiphodon semoni ni buluu inayong'aa, jike ana rangi ya maziwa na michirizi miwili myeusi mwilini. Wachoraji walitaka jike naye apakwe buluu apendeze. Nimekataa. Michirizi yake inamficha kwenye kokoto, na yeye ndiye mwenye mayai.

Juni 29

Siku ya wazazi. Chumba kilijaa. Samaki wa mbao amepandishwa na akina mama wengi kuliko watoto, na babu mmoja alikaa kwenye hadubini hadi akaombwa apishe wengine.

Mzazi mmoja, dereva wa lori linalokwenda Tanga, aliuliza swali lililotufaa sana: “Kwani sisi hatuna samaki wa namna hii?” Tunao wa karibu. Kwenye mikoko ya pwani yuko yule gobi anayetembea juu ya matope kwa mapezi. Katika mito ya pwani ya Afrika Mashariki yuko Awaous aeneofuscus, gobi wa maji baridi. Na mkunga wa mtoni, wa jenasi ya Anguilla, anafanya safari ya kinyume: huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda mito yetu, Pangani ukiwemo, hukulia maji baridi miaka mingi, kisha hushuka baharini kutaga.

Tukaifungua ramani ya bonde. Maji yanayoshuka kutoka Uru yanaungana na mengine hadi Nyumba ya Mungu, bwawa linalopokea mito ya Kikuletwa na Ruvu, yanatoka hapo, yanapita Korogwe, yanafika Hale, halafu maporomoko ya Pangani, kisha mji wa Pangani na bahari. Karibu kilomita 500. Kutoka baharini kuja huku, mkunga anakutana na mitambo ya umeme ya Pangani yenye megawati 68, kisha Hale megawati 21, kisha Nyumba ya Mungu megawati 8. Yule dereva anapita Korogwe kila wiki. Alisimama mbele ya ramani akafuata mstari kwa kidole mara mbili. Halafu akafunga koki yetu ya chini kwa mkono wake, akatazama beseni, akaifungua tena.

Julai 6

Kikao cha kupanga hatua ya pili. Wanafunzi hawataki tena bwawa libaki kuwa koki tu. Wanataka lango la mbao linaloweza kuwekwa na kutolewa katikati ya mfereji, na pembeni yake njia ya kupandia. Kwa mikunga wachanga njia za namna hiyo zinatumika katika nchi kadhaa: ubao wa mteremko unaolowa maji muda wote, umebandikwa nywele ngumu za brashi ili mnyama apate pa kujishikiza. Sisi tutatumia makumbi ya nazi, yanauzwa sokoni Mbuyuni.

Fundi seremala ameshachukua vipimo. Mteremko wa kwanza utakuwa mkali, wa pili wa kulala zaidi, ili tulinganishe maji yanavyoshuka kwenye kila mmoja. Samaki wa mbao atabadilishiwa vikombe, maana vya sasa vimechoka. Shule ya jirani imeomba michoro ya fremu. Mwalimu anaichora upya kwa kipimo ili fundi yeyote aweze kuifuata. Mwenyekiti wa mfongo ametuongezea saa moja ya maji kila Jumamosi, kwa sharti kwamba bomba letu la kurudishia lisogezwe juu ya kigawanyo cha watu wa chini. Tunalisogeza kesho.